Kwa dereva mpya wa Dodoma: gari liandae Oktoba, usingoje wingu

Ukihamishiwa Dodoma kutoka Dar, Tanga au Arusha, kitu cha kwanza cha kuacha huko ni kalenda ya mvua. Kule umezoea vuli na masika. Gari linanyeshewa, linakauka, linanyeshewa tena. Huku kati mvua ni za mkupuo mmoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa huzitabiri kama mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili, lakini kwa sisi tunaoshinda barabarani, mvua ya kuloanisha kweli mara nyingi huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba yenyewe. Februari inaweza kukatika wiki kadhaa mpaka mahindi yakaanza kujikunja, halafu ikarudi Machi. Mei imekwisha. Kuanzia hapo ni jua, upepo na vumbi hadi mvua zirudi.

Kwa mwaka mzima Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya zile za Dar. Mgeni akisikia hivyo anajisemea, aah, mvua ya huku ni ya kawaida tu. Si ya kawaida. Hainyeshi kidogo kidogo kutwa nzima. Inashuka jioni kwa kishindo, saa moja au mbili, juu ya ardhi iliyokauka kiasi kwamba maji hayana muda wa kuzama, yote yanakimbilia makorongoni. Na gari linalokutana na mvua hiyo limetoka kukaa miezi saba juani bila hata tone moja.

Ndiyo maana vijana wanaoanza kazi ya udereva nawaambia neno hilo hilo kila mwaka: kinachoharibu gari huku ni kiangazi. Mvua inakuja kuonyesha tu palipoharibika. Waipa haikufa siku ya mvua, ilikufa Agosti. Mpira wa mlango ulipasuka Septemba, wewe umeuona Desemba bosi alipokaa kwenye siti iliyolowa. Kwa hiyo kazi ya kuandaa gari kwa ajili ya mvua inafanywa mwezi Oktoba, barabara ikiwa bado kavu, mafundi hawana foleni na maduka ya spea bado yana vitu. Kama gari ni la ofisi, sogeza nyuma zaidi: maombi ya matairi na betri andika Septemba. Karatasi ina safari yake, nayo haijui kama kuna wingu.

Tuanze na joto, kwa sababu Oktoba na Novemba, kabla ya mvua kuja, ndiyo miezi ya magari kuchemsha. Utayaona pembeni ya barabara ya Singida au ile ya kwenda Iringa, boneti juu, dereva amesimama na kidumu mkononi. Sababu ni zaidi ya jua. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji matupu huchemka karibu nyuzi 96, hayafiki 100 uliyofundishwa shuleni. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya rejeta ni vitu viwili: kulanti (yale maji maalumu ya kupozea injini), na ule mfuniko. Mfuniko wa rejeta watu wanauona kama kifuniko cha chupa ya soda. Una springi na mpira ndani, na kazi yake ni kushikilia presha. Kwenye Toyota nyingi utakuta umeandikwa 0.9 au 1.1. Mpira wake ukikakamaa, presha inavuja, na maji yanachemka kabla ya wakati wake hata kama rejeta ni jipya. Kabla fundi hajakuuzia rejeta, nunua kwanza mfuniko wenye namba ile ile. Usiupandishe kutoka 0.9 kwenda 1.1 kwa kudhani unaongeza nguvu, utapasua hozipaipu.

Halafu kuna suala la maji yenyewe. Maji ya visima ya Dodoma yana chumvi. Ukitaka ushahidi, funua birika unalochemshia chai nyumbani kwako ukaangalie ule ukoko mweupe uliotanda chini. Ukoko huo huo unajijenga ndani ya vijibomba vya rejeta, na vile ni vyembamba mno. Dereva anayeongezea maji ya bomba kila Jumatatu anaziba rejeta lake mwenyewe, polepole, kwa bidii. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari. Ukipata ile nzito ya kuchanganya mwenyewe, nusu kwa nusu, ichanganye na maji safi ya kuongezea betri (siyo asidi, soma chupa vizuri, zinawekwa rafu moja). Maji ya mvua nayo ni mazuri, ila Oktoba utayatoa wapi.

Kwa mbele, mbele ya rejeta, kuna kondensa ya AC, ina mapezi membamba ya alumini. Kiangazi kinapomalizika mapezi hayo yanakuwa yamejaa vumbi, mbegu za nyasi na panzi waliokauka. Hewa haipiti. Dalili yake: AC inapoa ukiwa mwendo kasi, ukisimama kwenye taa inatoa joto. Lipeleke gari kwa kijana wa kuosha magari, lakini usimwachie ile mashine ya presha akusaidie. Inalaza mapezi na baada ya hapo umepoteza zaidi. Maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje, mpaka yatoke meupe.

Na hapa nina ugomvi wa siku nyingi na baadhi ya mafundi. Gari likichemsha, tiba yao ni kung'oa themostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa. "Huku joto, bosi, haina kazi." Ina kazi. Injini isiyo na themostati haifiki joto lake, inakunywa mafuta zaidi, na asubuhi ya Julai utatembea kilomita kadhaa sindano ikiwa imelala chini. Kama themostati imeganda, weka nyingine. Ukinunua gari lililotumika hapa mjini, muulize aliyekuuzia kama ipo.

Sasa vumbi. Ea klina, chujio la hewa ya injini, wote mnaijua, na wote mnaipuliza kwa kompresa. Sawa, lakini ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, ncha ya bomba ikiwa mbali kidogo na karatasi. Ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi ndani zaidi. Ukipuliza kwa nguvu unatoboa karatasi, na tundu dogo la sindano linatosha kupitisha mchanga unaosaga pistoni na ringi zake. Ishike kuelekea jua uangalie. Kagua pia ule mpira wa kuzunguka pembeni. Kama vumbi limeacha mstari upande wa ndani, ina maana haikai vizuri na hewa inapita pembeni. Muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari ni wa barabara za lami. Dereva anayekwenda Chamwino vijijini au Mvumi kila wiki aikague kila wiki. Kuna na filta nyingine nyuma ya boksi la deshibodi, ya hewa ya ndani. Wengi hawajawahi kuifungua tangu gari litoke Japani. Fungua siku moja, utajua kwa nini abiria wako wanapiga chafya.

Vitu vya mpira ndivyo vinavyoumia zaidi kiangazi, na hapo macho peke yake hayatoshi, lazima ushike. Waipa: pitisha kidole kwenye ukingo wake. Ukiona kidole kinatoka cheusi na ukingo una mikwaruzo, imekwisha, hata kama kwa mbali inaonekana nzima. Hozipaipu: binya injini ikiwa imepoa. Ikilia kama karatasi, badilisha. Ikiwa laini kupita kiasi karibu na klampu, badilisha pia. Mpira wa sivijointi (kiungo cha ekseli kwenye gurudumu la mbele): kata usukani mpaka mwisho, ingia chini, uupanue kwa vidole uangalie mikunjo yake kwa ndani. Ufa huanzia kwenye mikunjo. Ukipasuka, grisi inarushwa nje na vumbi linaingia, na baada ya miezi miwili utaanza kusikia ka-ka-ka kila ukikata kona. Mpira ni bei ya chai ukilinganisha na sivijointi yenyewe, na mvua ikianza tope litamalizia kazi ambayo vumbi limeianza.

Nibaki kidogo kwenye kioo, maana hapa ndipo wageni wanapoharibu bila kujua. Asubuhi unakuta gari limetanda vumbi, unachukua kitambaa kikavu, unafuta. Au unawasha waipa kwenye kioo kikavu. Vumbi la Dodoma lina mchanga mgumu ndani yake. Kila unapofuta kavu unachora kioo. Mchana huoni kitu. Usiku, mvua inanyesha, lori linakuja mbele yako na taa zake kubwa, ndipo mikwaruzo yote inawaka kwa pamoja na barabara inapotea. Mwaga maji kwanza. Kila siku. Nusu chupa inatosha. Na jaza tangi la maji ya waipa, tone la shampuu ya gari ndani, ujaribu kama matundu yanarusha. Vumbi huyaziba, na sindano ya kushonea huyazibua.

Mvua ya kwanza ya mwaka itakuwa ya tope. Matone yanapita kwenye hewa iliyojaa vumbi, yanakipiga kioo kikiwa na vumbi jingine, na waipa ikipita mara moja unaona uji wa kahawia. Ukikosa maji ya kurusha hapo, simama.

Lingine ambalo hulioni kwenye kitabu chochote cha Kijapani ni mwarobaini. Mji huu umejaa miarobaini, na kila dereva anapigania kuegesha chini yake, nami siwalaumu, kivuli cha Oktoba ni mali. Lakini vijani vile vidogo vinadondoka na kuingia kwenye ile grili ya plastiki chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Chini yake kuna mfereji wa kutolea maji, wenye tundu kila upande. Vijani na vumbi vikichanganyika vinakuwa kizibo. Kiangazi hakuna anayejua. Siku ya mvua kubwa maji yanajaa pale, yanakosa pa kwenda, yanaingia kwenye feni ya hewa na kumwagika miguuni kwa abiria wa mbele. Nimeona laptopu ya ofisa ikiogelea kwenye kapeti namna hiyo, gari likiwa jipya tu, na fundi akabadilisha mpira wa kioo kwa gharama kubwa kabla mtu hajafikiria kutoa majani. Fungua boneti, toa majani kwa mkono, mimina lita moja ya maji ukae pembeni uangalie yanatokea wapi. Yanatakiwa yashuke chini nyuma ya gurudumu la mbele, pande zote mbili, bila kusita. Fanya hivyo hivyo chini ya milango: kuna vijitundu kwenye ukingo wa chini, vumbi huviziba, maji yanabaki ndani ya mlango na kutu inaanza. Mwenye Harrier au RAV4 yenye dirisha la juu, hapo napo pana vibomba vinne kwenye pembe.

Matairi. Tafuta ubavuni mwa tairi palipoandikwa DOT, ufuate mpaka mwisho utakuta namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Hilo ni tairi la kupumzisha, hata kama kashata zake, yale meno ya tairi, zimesimama wima. Jua la huku linakausha mpira. Angalia nyufa ndogo ndogo ubavuni na kwenye mizizi ya kashata. Matairi mengi ya mtumba yanayouzwa mjini yanang'aa kwa sababu yamepakwa, kwa hiyo soma namba kabla ya kusifia weusi. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo. Kashata zikilingana navyo umebaki na milimita 1.6, na sheria za nchi nyingi zinasimamia hapo. Kwa mvua za Dodoma mimi sisubiri vituta. Chini ya milimita 3 tairi haliwezi tena kutawanya maji vizuri, linapanda juu yake, na usukani unakuwa mwepesi ghafla.

Upepo pima asubuhi, gari halijatembea. Kipimo sahihi kipo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Gari dogo huwa PSI 30 hadi 33 hivi. Joto likipanda nyuzi tano au sita, presha inapanda karibu PSI moja. Kwa hiyo aliyejaza mchana wa Novemba tairi likiwa la moto, asubuhi yupo chini ya kipimo, na aliyepunguza njiani kwa sababu "limejaa sana" amejiharibia mara mbili. Tairi lenye upepo pungufu ndilo linalopasuka kwenye lami ya moto. Usisahau la akiba. Hakikisha pia kuna jeki, spana ya gurudumu inayoingia kwenye nati zako, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, maana kwenye tope jeki bila ubao inazama yenyewe na gari linabaki palepale.

Breki nitapita haraka: pedi na viatu vya nyuma vifunguliwe, vumbi litolewe, na mafuta ya breki yabadilishwe kama yana zaidi ya miaka miwili, kwa sababu yananyonya unyevu. Taa zifutwe, zijaribiwe zote, za ukungu pia. Gari la dizeli, mwaga maji kwenye sedimenta (kichujio kinachotenga maji na dizeli) kabla ya taa yake kuwaka, hasa kama unajaza kwenye madumu huko vijijini.

Basi gari lipo tayari. Sasa wewe. Siku ya mvua ya kwanza, lami ya kutoka Mtumba na Ihumwa mpaka mjini inakuwa na utelezi usioutegemea. Malori yanayopita Dodoma kwenda Singida na kuendelea hadi mpakani yamedondosha oili na dizeli miezi yote hiyo, mpira wa matairi umesagika juu yake, vumbi limefunika. Tone la kwanza linaulainisha mchanganyiko huo. Mvua ikipiga kwa muda ndipo unaoshwa. Dakika thelathini za mwanzo ni mbaya kuliko saa mbili zinazofuata. Ongeza umbali na gari la mbele, na breki ikanyage mapema na kidogo kidogo. Bodaboda naye anateleza hapo hapo pembeni yako, na hana mkanda.

Korongo ndilo somo ambalo wa Dar hawana kabisa. Kiangazi unapita kwenye bonde la mchanga mkavu, watoto wanachota maji kwenye visima vidogo walivyochimba katikati yake, mbuzi wamelala. Unalisahau. Januari, mbingu juu yako ni nyeupe kabisa, unafika pale pale unakuta maji mekundu yanapita yamebeba matawi. Mvua imenyesha milimani, mbali, hujaiona. Njia za Mpwapwa na Kondoa vijijini zina makorongo ya namna hiyo mengi, na hata reli ya kati imewahi kusombwa na maji ya upande wa Gulwe na Kilosa, kwa hiyo usijidanganye kwamba gari lako ni zito.

Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 tu yanatosha kuinua gari dogo. Sentimita 60 yanabeba karibu gari lolote, Land Cruiser likiwemo. Na kwenye magari kama IST, Passo na Vitz bomba la kuvutia hewa lipo chini, usawa wa grili. Likivuta maji, yanaingia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Koneksheni rodi, ule mkono wa pistoni, inapinda hapo hapo. Gari likizimika ndani ya maji, usilipige selfu tena, hata mara moja. Sukumeni litoke, fungueni ea klina. Ikiwa imelowa, ni kazi ya fundi kuchomoa plagi na kutoa maji kabla injini haijazungushwa.

Mnapofika mkakuta maji, shuka. Karibu kila korongo lina mtu aliyesimama upande wa pili au huu, mara nyingi mzee na ng'ombe wake. Msalimie kwa Mbukwenyi, hata kama Kigogo chako kinaishia hapo, kisha endelea na shikamoo yako. Siku moja kwenye njia ya Mpwapwa mzee wa namna hiyo aliniuliza tu, "Baba, una haraka ya nini?" Nikamwambia nina wakubwa wanaowahi kikao. Akachukua fimbo yake akaichomeka kwenye mchanga pale maji yalipoishia. "Waambie wakubwa watazame hiyo." Baada ya muda fimbo ilikuwa imebaki kwenye mchanga mkavu, hatua mbili kutoka majini. Tukangoja tena. Tangu hapo ni hiyo ninayotumia: kijiti ukingoni. Maji yakikipita kijiti, yanapanda, geuza gari. Yakikiacha, yanashuka. Yakibaki ya kwenye kifundo cha mguu, mtu apite kwa miguu kwanza na fimbo, aguse chini, kwa sababu maji huchimba shimo pale pale ulipopita wiki iliyopita. Kisha gia ya chini, mwendo mmoja, bila kubadilisha gia katikati. Ukitoka ng'ambo, kanyaga breki polepole mara kadhaa zikauke.

Mkubwa aliyepo kiti cha nyuma atakusukuma. Mjibu kwa heshima, "Mheshimiwa, tusubiri kidogo, maji yanashuka," na ubaki nje ya gari. Ukikaa ndani ya gari utashawishika.

Tope nalo lina aina zake. Udongo mwekundu wa mjini unateleza lakini una chini. Mbuga nyeusi za upande wa Bahi hazina chini. Zinakushika matairi, zinajaza kashata, na gari linateleza bila kukusikiliza. Huko usikanyage mafuta likianza kuzama, unachimba kaburi. Punguza upepo mpaka 18 au 20, weka matawi, koleo lifanye kazi, na ukitoka tafuta kompresa kabla ya kukimbia. Kuna jambo moja linalowachanganya wengi baada ya safari hizo. Unarudi lamini, ukifika 80 usukani unatetemeka. Unapelekwa kwa fundi, unalipia alaimenti, unalipia bushi, bado unatetemeka. Chungulia upande wa ndani wa rimu: kuna kilo nzima ya tope imekauka upande mmoja. Ibandue kwa bisibisi, gari linatulia.

Februari mvua ikikatika, usidhani msimu umekwisha ukalifungia koleo stoo. Itumie nafasi hiyo kuingia chini ya gari ukiwa mkavu, ukaangalie mipira uliyoiacha Oktoba, breki zilizokula mchanga, na waya zilizoning'inia baada ya kupita vichakani.

Mei ndiyo mwanzo wa mzunguko wa pili, nao ni mfupi. Gari lioshwe chini, kwenye fremu, kwenye madigadi, nyuma ya bampa, kabla tope halijawa tofali. Tope linalobaki pale linashika unyevu na kuzaa kutu hata kiangazi. Kapeti zitolewe, zikaushwe juani siku nzima. Ni wakati wa mavuno pia, kwa hiyo anayeegesha karibu na magunia ya mahindi afungue boneti kila asubuhi, kwa sababu panya wanapenda joto la injini na ladha ya waya.

Julai asubuhi joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na hapo utagundua betri iliyouawa na jua la Novemba iliyopita. Joto ndilo linaloua betri. Baridi inasubiri kuitangaza. Mwombe fundi umeme mita, upime kabla ya kuwasha: betri nzima iliyojaa inaonyesha volti 12.6 hivi. Washa, pima tena: oltaneta ikiwa salama utaona kati ya 13.8 na 14.5. Ukipata chini ya 12.4 kila asubuhi na huku oltaneta inachaji vizuri, mara nyingi ni betri yenyewe. Ibadilishe ukiwa bado mjini, kabla hujaandikiwa safari ya Kondoa.